Kukua si Kuhama

Mjini Kisii liko soko liitwalo Daraja Mbili. Mwalimu wa sarufi akilisikia jina hilo hukunja uso, maana kwa kanuni zake lilipasa kuwa Madaraja Mawili. Lakini jina halikumngojea mwalimu. Lilikua vinywani mwa wachuuzi na wachukuzi hata likakomaa, na leo hapana awezaye kulirudisha darasani. Siku ya soko mikungu ya ndizi hulazwa chini safu kwa safu, ikingoja malori. Wanawake huketi nyuma ya mafungu ya chinsaga na rinagu, mboga ambazo kwa Kiswahili twaziita mgagani na mnavu. Wauza samaki huja na mizigo yao kutoka pande za ziwa. Na katikati ya zogo hilo hupita vijana wa mikokoteni, wakipaza sauti kwamba njia ipishwe.

Ewe msomaji, mchukue mmoja wa vijana hao umtazame. Tuseme ana umri wa miaka 17. Shule imefungwa, au haikufungwa ila karo haikutimia. Kwake yeye mambo hayo mawili hufanana. Kwa mwenye ndizi husema Ekegusii, kwa dereva wa lori Kiswahili, na kwa mwuza samaki maneno machache ya Kijaluo, ya kutosha kuulizia bei na kufanya mzaha. Jioni huhesabu ujira wake akaugawa mafungu matatu: la mama, la karo, na la mabati ya nyumba yake mwenyewe, nyumba ambayo bado haijapata mahali pa kusimama. Kutwa nzima amepunjwa na tajiri mmoja na kuaminiwa na mwingine. Amemdanganya mtu, kisha akaona haya. Kijana huyo yumo katika kazi ya kuwa mtu mzima.

Naye hayumo katika vitabu vyetu. Sisemi kwamba hajapata kutajwa. Hutajwa sana. Hupita ukingoni mwa ukurasa amebeba mzigo wa mtu mwingine, na huyo mwenye mzigo, aliye njiani kwenda shule ya bweni au mjini au ng'ambo, ndiye anayefuatwa na hadithi. Hilo ndilo neno ninalotaka kugombana nawe leo. Hadithi za makuzi tunazopewa shuleni, zile zinazomfuata mtoto mpaka awe mtu mzima, zimetufundisha kwamba kukua ni kuhama, na kwamba aliyebaki nyumbani hakukua. Mimi nasema kwamba fundisho hilo ni la uongo, na kwamba lawadhuru wengi miongoni mwenu mnaosoma maneno haya.

Tuanze na kitabu kizuri, maana kugombana na kitabu kibaya ni kupoteza wakati. Mwaka 1953 Camara Laye, mzaliwa wa Kouroussa nchini Guinea, alitoa L'Enfant noir. Baba wa mtoto katika kitabu hicho ni mhunzi na mfua dhahabu. Yule mtoto husimama karuwanani mwa baba akitazama dhahabu ikiyeyuka na kufanywa pambo la mwanamke. Hapana kurasa bora kuliko hizo katika kitabu chote, na kila asomaye hutamani kukaa pale pale katika joto la moto. Lakini hadithi haikai. Mtoto huenda Conakry, kisha hupanda ndege kwenda Ufaransa. Mtungaji mwenyewe aliandika akiwa huko Ufaransa, na majonzi ya kitabu ni ya mtu aliyeiacha karuwana. Haya, na wale wanagenzi waliobaki na baba wakivukuta moto? Hao nao walikua, wakajifunza kazi, huenda wakaoa na kuzaa. Kitabu hakikuwangoja.

Njoo karibu zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alichapisha Weep Not, Child mwaka 1964, miezi michache tu baada ya Uhuru wa Kenya. Wengi wenu mnamjua Njoroge, mtoto anayepelekwa shule, anayeamini kwamba elimu itaiokoa nyumba yao na nchi yote. Lakini katika nyumba ile ile yuko ndugu yake, Kamau, anayepelekwa kujifunza useremala kwa fundi aitwaye Nganga, fundi mchoyo wa maarifa yake. Kamau hana ndoto kubwa. Ana randa na msumeno, na siku ambazo nyumba inayumba, mkono wake ni miongoni mwa mikono inayoishikilia. Wakati Njoroge anawaza atakavyokuwa mtu mkubwa, Kamau amekwisha kuwa mtu mzima. Naomba usome tena kitabu hicho huku ukimtafuta Kamau peke yake. Utaona jinsi anavyoingia na kutoka kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Gereza linapommeza, twaarifiwa kwa maneno machache, kisha twarudi upesi kwa Njoroge na huzuni yake.

Je, Ngũgĩ hakumpenda Kamau? Sidhani. Sababu ni nyingine, nayo si ya siri. Ngũgĩ alisoma Alliance, kisha Makerere, na kitabu hicho alikiandika alipokuwa mwanafunzi wa chuo. Kilichapishwa katika mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika ulioanzishwa na kampuni ya Heinemann ya London mwaka 1962, na wanunuzi wakubwa wa mfululizo huo walikuwa shule. Angalia basi jinsi mviringo ulivyofungwa: mwandishi ni mtu wa shule, shujaa ni mtoto wa shule, mnunuzi ni shule, na msomaji ni mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Seremala angeingilia wapi? Ingekuwa ajabu kama hadithi zilizozaliwa humo zingesema jambo lolote ila kwamba njia ya utu uzima hupita mlangoni mwa shule.

Waandishi wa Kiswahili nao hawakuutoka mviringo huo, ingawa baadhi yao waliupiga mateke kwa nguvu. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliona mapema kwamba shule yaweza kumwangamiza mtu. Katika Rosa Mistika ya 1971 msichana aliyelelewa kwa fimbo na vitisho vya baba, akafungiwa na shule ya masista, hatimaye anapata uhuru asiojua kuutumia, na mwisho wake ni kujiua. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, na wakubwa waliokiogopa walikuwa na sababu, maana kiliwagusa walezi. Katika Kichwamaji ya 1974, Kazimoto amefika chuo kikuu, na elimu yake haimpi pa kusimama, si kijijini wala mjini. Namheshimu Kezilahabi kuliko wengi, kwa kuwa alithubutu kusema kwamba ngazi tuliyoambiwa tuipande huenda imeegemezwa hewani. Hata hivyo vijana wake ni wale wale wa ngazi. Waliobaki chini, wanaovua samaki na kulima mihogo, huwatazama wakipanda na wakianguka.

Meja Mwangi alikwenda hatua moja mbele. Kill Me Quick, kitabu chake cha 1973, kina vijana wawili, Meja na Maina, walioingia mjini na vyeti vyao mkononi. Vyeti havikuwapa kazi. Walilala vichochoroni, wakala takataka, na barabara yao ikaishia katika ujambazi na gereza. Hapa cheti kimevuliwa nguo mbele ya watu wote. Lakini hata humo kurudi nyumbani ni fedheha isiyostahimilika. Jiji limewashinda, na bado hawawezi kufikiri kwamba mtu aweza kuwa mtu mahali pengine. Nayo Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na kupendwa mno na wanafunzi wa Kenya, ni safari tangu kichwa hata miguu: Kongowea anatoka Tanga kumtafuta baba, na njia inampeleka mpaka Kitale. Sina ugomvi na safari. Nina ugomvi na maktaba ambayo haina kitu kingine.

Utaniambia kwamba kuhama ni kweli ya historia yetu, wala waandishi hawakukubuni. Ni haki yako kusema hivyo. Kodi za wakoloni ziliwasukuma wanaume kutoka makwao kwenda kwenye mashamba ya wageni, na watu wa Kisii wanajua njia ya kwenda kwenye chai ya Kericho. Zamani vijana wa Abagusii waliokwisha kutahiriwa, wanaoitwa abamura, walikaa katika kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate, wakilinda mifugo na mipaka. Huko ndiko ujana ulikopata kazi na heshima. Serikali ya Kiingereza ilizivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Mahali pa kukulia palipovunjwa, ilibidi pengine patafutwe. Kisha ulipokuja Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, viti vya Wazungu vilibaki wazi maofisini, na mwenye cheti aliitwa akakalie. Kwa miaka michache hiyo kitabu kilichosema kwamba shule humfanya mtoto kuwa bwana kilisema kweli tupu.

Sasa tazama hesabu ya leo. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2023 watahiniwa walikuwa kiasi cha 900,000. Waliopata alama ya C+ na kuendelea, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu, walikuwa kama 201,000. Maana yake ni kwamba karibu wanne kati ya kila watano waliambiwa na karatasi kwamba mlango ule si wao. Ikiwa kitabu cha makuzi chasema kwamba aliyevuka mlango ndiye aliyekua, hao wengine tuwaiteje? Watoto? Baada ya miaka 10 watakuwa na watoto wao, watakuwa wameuza, wamejenga, wamezika wazazi, na bado watajiona kama watu waliokatizwa katikati ya sentensi. Wengine wao wako katika darasa lako hivi sasa, na kwa hesabu ya kawaida huenda ukawa wewe. Ndiyo maana nasema fundisho hilo lina madhara.

Wala usikimbilie jibu ambalo umelikariri. Nalijua, kwa kuwa kila mwalimu aliyesahihisha karatasi za fasihi amelisoma mara elfu: kwamba riwaya hizi zaonyesha mgongano wa ukale na usasa. Maneno hayo yamechakaa kama sarafu iliyofutika sura. Yule kijana wa mkokoteni ametahiriwa mwezi wa Desemba kama wenzake, akawekwa ndani, akaimbiwa. Na ujira wake hupokea kwa simu. Mambo hayo mawili hayagombani ndani yake hata kidogo. Ukimwuliza kuhusu mgongano, atakuonyesha mgongano wa mkokoteni na lori.

Linalomsumbua ni jambo jingine, nalo ni kubwa kiasi cha kujaza riwaya nzima. Kwa desturi ya Abagusii mtoto wa kiume asiyetahiriwa huitwa omoisia; akishatahiriwa ni omomura, na akipevuka haimpasi kulala chini ya paa moja na mama yake. Hupaswa kuwa na esaiga, nyumba ndogo ya ujana. Esaiga ndiyo cheti chake cha kwanza, nacho hakitolewi na ofisi yoyote. Lakini esaiga yataka ardhi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Babu aligawa shamba kwa wanawe. Wana wakagawa vipande kwa wana wao. Na katika nyumba nyingi kipande kilichobaki kina migomba, ng'ombe mmoja, makaburi na choo. Kijana anataka hatua chache za ardhi ili awe mtu mzima, na kila hatua ina mwenyewe: ndizi za mama, kaburi la nyanya, sehemu ya kaka aliye Nairobi ambaye hakai wala haachi. Mtu aliyesema kwamba maisha ya kijijini hayana hadithi hakupata kuketi katika kikao cha familia kinachopima shamba.

Umeona hapo kwamba hata kaka aliyehama amerudi kwa mlango wa nyuma. Katika vitabu vyetu anayehama hutoweka upeo wa macho na sisi twamfuata. Katika maisha, kivuli chake hubaki shambani, na aliyebaki hulazimika kuishi nacho, kukilimia na kukilindia mpaka.

Nimesema mengi juu ya mvulana, na msichana aweza kunilaumu kwa haki. Mambo yake ni mazito zaidi. Kwa vizazi vingi Kisii msichana naye alihesabiwa kuwa amekua kwa kisu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ilipiga marufuku ukeketaji kabisa, lakini desturi haikufa siku sheria ilipotiwa sahihi. Ilijificha, na mahali pengine ilifanywa na wahudumu wa afya wenyewe nyuma ya pazia. Henry ole Kulet, katika Blossoms of the Savannah ya 2008, aliwaandika dada wawili wa Kimaasai, Taiyo na Resian, wanaokabiliwa na kisu hicho na ndoa za kulazimishwa, nao njia yao ya kuokoka ni kutoroka na kwenda kusoma. Nashukuru kwamba kitabu hicho kimeandikwa. Lakini sheria husema tu lisilotendwa, na kitabu cha kutoroka husema tu pa kukimbilia. Msichana aliyekataa kisu na hakukimbia, aliyebaki katika nyumba ile ile, akichota maji kisima kile kile na wale waliomzomea, yeye ameambiwa na nani kwamba sasa ni mwanamke? Kwa neno gani? Mbele ya mashahidi gani? Hilo ni swali la riwaya, na sijui mahali bora pa kuliuliza kuliko nyuma ya fungu la chinsaga, ambapo wanawake wa rika zote huketi kutwa nzima bega kwa bega na hakuna siri inayodumu.

Yuko mwandishi mmoja aliyelikaribia soko. Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, katika Nervous Conditions ya 1988, alimwandika Tambudzai, msichana anayenyimwa karo kwa kuwa ni msichana. Tambudzai analima mahindi yake mwenyewe ili auze apate karo, na ndugu yake wa kiume anayaiba akawagawia watoto wengine. Mwalimu anampeleka mjini kuuza, na mwanamke mmoja wa Kizungu anatoa pauni 10 kwa ajili yake. Baadaye huja shule ya misheni, nyumba ya ami mwenye elimu, Kiingereza na mateso yake yote. Lakini mimi huona kwamba Tambudzai alikua palepale shambani, jembe mkononi, siku alipojua nani kamwibia na asimsamehe. Shule ilimkuta tayari. Hukumu hiyo ni yangu mwenyewe, na mwalimu wako akiikataa bishana naye kwa ushahidi wa kitabu.

Nakuja kwako sasa, kwa kuwa kulaumu wazee walioandika ni kazi nyepesi. Chukua daftari lako la insha ulitazame. Umeandika kwamba ulirauka alfajiri na mapema, ndege wakitumbuiza kwa nyimbo tamu, jua likichungulia kutoka mawio, nawe ukavaa sare iliyopigwa pasi ukashika njia. Ndege gani hao? Alfajiri ya siku ya soko huko kwenu hakuna anayesikia ndege; husikika malori yakirudi nyuma na mtu akitukanwa kwa sababu ya kamba. Umeazima alfajiri ya mtu mwingine kwa kuwa uliambiwa kwamba yako haifai kuandikwa, na aliyekuambia hivyo aliambiwa vivyo hivyo na vitabu ninavyovishitaki hapa.

Usinijibu kwamba wewe si mwandishi. Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika akiwa kijana bado, na Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi tu alipomwandika Njoroge. Wala usinijibu kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani isiyoweza kubeba mambo ya milimani. Lugha iliyokubali kuitwa Daraja Mbili mbele ya walimu wote wa sarufi haitashindwa na esaiga.

Sura ya kwanza naiona hivi, nawe uko huru kuivunja. Kumekucha. Kijana amesimama shambani mwa baba yake, anapima kwa miguu: hatua nne huku, hatua tatu huku. Ndani ya hatua hizo imo migomba mitatu, na ndizi zake ndizo mama anazouza sokoni. Mabati amekwisha kuyanunua; yamelazwa kando ya ukuta, yamefunikwa gunia. Mama ametoka amesimama mlangoni, naye anaihesabu migomba. Mpaka sasa hakuna aliyesema neno.